Damu ya Durra

Makadara, Mombasa
12 Septemba 1944

Kwa mwanangu Kamaludin,

Assalaam alaikum warahmatullah. Naomba barua hii ikukute mzima, na swaumu yako isiwe nzito kwenye baridi hiyo ya bara. Mamako hajambo, goti tu lamsumbua, anakusalimu sana. Mimi mwili mzima, moyo ndio siuwezi.

Durra amekufa, tarehe mbili mwezi huu. Miaka kumi na moja nimemwosha mimi, nimemlisha mimi, nimemfunga kwenye gari la farasi la Bwana Jamaldin mimi. Alishikwa na kichomi. Daktari wa wanyama akaleta bati la vidonge vipya vya sulfa, ambavyo kwa vita hivi hata binadamu hawavipati. Akaagiza nivisage, nimnyweshe kwa chupa asubuhi na jioni, na kila mara akae na njaa saa sita kabla ya dawa. Nilimnywesha vyote, hakikumwagika kitu.

Sasa sikia balaa. Daktari alimtoa damu akaipeleka huko kwenu, maabara ya mifugo. Jibu limerudi kwamba damuni hamna dawa hata ya kuponya kuku. Bwana Jamaldin akasema basi vidonge vimeibwa, pametiwa chokaa mahali pake. Bati lilikuwa likikaa ghala ya majani, kwa Thoya mkata majani, naye ndiye aliyekuwa akiniletea. Mimi niliitwa mbele za watu, nikashika msahafu, nikaapa kwamba nimefuata kila nilichoagizwa. Wakaniamini. Thoya akachukuliwa na askari. Alipopita mlangoni aliniambia, "Ami Badawi, sema nao, wewe wanijua."

Namjua, ni kweli. Lakini bati sikulilinda mimi, ningesema nini?

Wewe nakwambia jambo moja, kwa kuwa halina uzito: ile njaa sikumpa. Mimi nimefunga, na nia nimeiweka. Mnyama hana nia, kumfungisha ni kumdhulumu. Kila mara kabla ya dawa nilimwekea majani makavu, akala taratibu, ndipo nikamnywesha. Hilo sikulitaja mbele za watu, ni huruma tu. Niulizie wakubwa zako: vyombo vyenu havikosei?

Ni mimi babako,
Badawi

22 Septemba 1944

Kwa baba yangu mpenzi,

Shikamoo, na Idi iliyopita iwe ya heri kwenu. Mwambie mama goti alikande kwa mafuta ya moto. Mimi ni mzima.

Barua yako nimeisoma mara tatu nimesimama. Baba, damu ile niliipima mimi. Chupa huja na nambari, hazina jina. Tunaichuja damu, tunatia maji yetu ya kupimia, na sulfa ikiwamo hugeuka rangi ya waridi. Ya chupa ile ilibaki nyeupe karibu kabisa. Nikaandika nilichokiona, nikaenda kula chakula changu.

Vyombo havikukosea, na Thoya hakuiba. Dawa ya kunywa haiendi mapafuni yenyewe. Yatoka tumboni, yaingia utumbo mwembamba, hapo damu huichukua, na damu ndiyo huisambaza mapafuni, inini, kila mahali. Ikikuta tumbo limejaa majani makavu, huyashika majani kama rangi inavyoshika uzi. Hupita nayo mpaka tumbo kubwa la nyuma, farasi anakovundika chakula chake, na huko faida yake imekwisha. Tumewajaribu farasi wawili hapa, kipimo kimoja, mmoja ana njaa na mmoja ameshiba. Wa njaa damu yake iligeuka waridi kwa saa mbili. Mwenzake hakuonyesha hata robo ya ile.

Kwa Durra sikulaumu, ulimhurumia. Kwa Thoya nitakulaumu ukinyamaza. Nimemweleza mkubwa wangu. Amesema ataibadili ile karatasi ya majibu siku saisi, mtunza farasi mwenyewe, atakaposema kwa kinywa chake kwamba alimlisha kabla ya dawa. Maneno ya mwanawe si ushahidi. Nenda kwa Bwana Jamaldin leo hii, kabla Thoya hajahukumiwa. Barua nampa Faraj wa reli akutie mkononi, isikawie posta.

Mwanao mtiifu,
Kamaludin

21 Oktoba 1944

Baba,

Shikamoo. Natumai hamjambo nyote.

Faraj amerudi. Asema alikupa barua tarehe ishirini na tano Septemba pale Mwembe Tayari, ukaisoma mbele yake, ukaikunja ukaitia mfukoni. Tangu hapo sijapata neno. Nasikia Thoya amefungwa miezi minane. Kama ni kazi unaiogopea, iache, njooni mkae kwangu, chumba kipo. Niandikie hata mstari mmoja, nakuomba.

Mwanao,
Kamaludin

Makadara
6 Novemba 1944

Mwanangu,

Marahaba. Sina uso wa kukuuliza hali.

Thoya alifia jela, Jumamosi ya tarehe ishirini na nane, kwa kuhara damu. Mimi nilikwenda kwa Bwana Jamaldin Jumatatu yake, niliposikia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia nimwachie ufunguo wa banda.

Kila asubuhi nilitoka na barua yako nikisema leo. Nikifika mlangoni pake nakumbuka msahafu, na nyuso za wale watu, narudi nyumbani. Nilijiambia miezi minane si mingi, mtu hukaa akatoka. Nina miaka sitini na mitatu na sijapata kuitwa mwongo. Niliogopa, Kamaludin. Hakuna lingine.

Juzi nilikwenda kwa Kanze, mkewe Thoya. Nilimkuta na wanawake wa kwao, nikaketi chini, nikamweleza yote: majani, damu, kiapo. Hakupiga kelele. Hata nilipomweleza jinsi dawa inavyopita tumboni alinisikiliza kwa makini, akaniambia ameelewa. Nikampa barua yako aione. Kusoma hajui. Aliiweka mapajani, akaigeuza upande huu na huu, kisha akaniuliza neno moja tu.

"Barua hii ilikufika lini?"

Nikamwambia.

Babako