Baba Huchungulia Kwanza

Dada Beverlyne,

Pokea salamu zangu kutoka hapa Meru mjini. Natumaini wewe, shemeji Njeru na mtoto mko salama, na kwamba baridi ya Embu haijawashika vifua. Mimi sijambo. Mama naye yuko Kibirichia na viazi vyake. Vimetoa maua, na goti linamsumbua kama kawaida.

Nimepata ujumbe wako kwamba ukurasa wa kumbukumbu ya baba una kasoro, niurekebishe kabla ya ibada ya Jumamosi tusije tukachekwa na kanisa zima. Ni kweli, mimi fundi wa tovuti nilikosea. Katika CSS, yale maagizo ya mwonekano wa ukurasa, niliiagiza picha yake ingoje kidogo, kisha ijitokeze polepole. Nikasahau kuiagiza ijifiche wakati ikingoja. Ndiyo maana uso wa baba unaonekana, unatoweka ghafla, halafu unarudi taratibu.

Nilipoenda Kibirichia kumwonyesha mama, aliitazama mpaka chai ikapoa. Kisha akasema ndiye huyo, anachungulia kwanza. Wewe unakumbuka: akitoka shambani alikuwa akichungulia jikoni kuona nani yupo, anaenda bombani kuosha gambuti, ndipo anaingia. Mama akaniomba nimwongezee muda, maana baba hakuwahi kuosha gambuti haraka hivyo. Nikauongeza. Tangu hapo kila jioni anafungua simu, anamimina kikombe cha pili, na hafungi mlango mpaka baba arudi. Sikufichi, niliogopa.

Kwa hiyo niliirekebisha hata kabla hujaniambia. Picha ikaja taratibu, bila kuchungulia. Mama aliitazama, akauliza huyu ni nani. Siku hiyo hakula. Nikairudisha kasoro.

Sasa nikwambie jambo tulilokuficha kwa sababu ulikuwa na mimba, na baadaye tukakosa namna ya kuanza. Tulisema baba alifia hospitalini. Sivyo. Jioni ile alichungulia jikoni, akatuona mimi na mama, akaenda bombani. Mama akammiminia chai. Tulisikia maji yakimwagika, yakazidi kumwagika, na hakuingia.

Mbusu mtoto kwa niaba yangu, na umsalimie shemeji. Jumamosi, baba akitoweka mbele ya kanisa, waombe watu wasubiri. Anaosha gambuti.

Ni mimi mdogo wako,
Mutwiri