Mapunye Yangu, Lawama ya Mtoto

Shiru, nimeaibika. Nimeaibika bana!

Si unajua nilitangazia majirani wote wa plot yetu hapa Gatwekera ati kasichana ka sister yangu ndiko kametuletea mapunye ya kichwa kutoka kijijini, ushago? Nikakapea kichana yake na taulo yake, nikakakataza kugusa zetu.

Leo nimekapeleka kliniki, daktari akakaangalia kichwa, akanigeukia. "Mama, hebu toa wigi."

Mimi?? Ati nitoe wigi! Na jirani, Mama Boaz, amekaa hapo!

Nikatoa. Daktari akaangalia, akasema, "Mapunye yako ndiyo ya kitambo. Mtoto ameyapata kwako."

KWANGU, Shiru!

Na katoto hata hakakucheka. Tulipofika kwa nyumba kakaniletea kichana yake. "Auntie, chanua na yangu. Mimi sikukatazi."