Macho ya Mama Klara

Nyarugusu,
9 Juni 1974.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti limeacha kukusumbua unapokwenda misa. Baba naye hajambo? Mfikishie shikamoo yangu, hata kama bado amenuna. Mimi ni mzima, nakula vizuri, na huo wembamba wangu unaosimuliwa na wapita njia ni uzushi mtupu.

Kazi inakwenda. Mchimbaji akipata dhahabu, anataka sura yake ukutani, na mchoraji hapa ni mimi peke yangu. Aliyenitangulia alichora jicho kama yai lenye tundu, kila mtu akaonekana amekutana na chui. Mimi najua kuwa weupe wa jicho si mweupe, lazima uutie kivuli. Kuwa kope la juu hufunika sehemu ya mboni. Na kuwa mwisho unaacha kinukta cha karatasi bila kukigusa, hapo ndipo mtu anapokuangalia. Ila ili uyapate hayo, sharti umkodolee mtu macho saa nzima. Wachimbaji hawajali, wananikodolea na wao.

Basi Mzee Ngassa, mwenye mashine ya kusaga, akaniita nimchore mkewe kwa ajili ya jubilei ya miaka ishirini na mitano ya ndoa yao. Mkewe ni Mama Klara, mwenye kicheko kinachosikika mpaka mashineni. Mama, sikuwahi kuchora picha iliyobeba maisha yangu kama hiyo, na sababu nitakuambia.

Siku ya kwanza alikaa uani akipepeta karanga. Nilichora kitenge, nikachora rozari, nikachora kidevu. Nilipofika machoni, shingo yangu iliinama yenyewe. Siku ya pili vivyo hivyo. Akaniuliza kama ana chongo ambalo hakuambiwa. Nikasingizia jua kali. Siku ya tatu akauliza jua gani tena, na mawingu yametanda. Ikafika Ijumaa, jubilei ni Jumapili, na mama wa watu hana macho.

Nikafanya ujanja. Watu wote husema binti yao, Klara, amechukua macho ya mama yake. Nikayachora ya Klara, tena kwa kichwa tu, bila kumkalisha mbele yangu, nikaongeza mikunjo miwili pembeni kwa heshima ya umri.

Jumapili picha ikatundikwa. Wageni wakashangilia, wakasema mama anawafuata kwa macho kila wanakokwenda. Mama Klara peke yake aliisogelea picha, akaikagua kwa karibu. Baadaye akaniita jikoni, akaniambia polepole kwamba macho yale si yake. Yeye hana kovu chini ya unyusi wa kushoto. Mwenye kovu ni Klara, alianguka kwenye kinu akiwa mdogo, na haliwezi kuonekana mpaka mtu asogee karibu sana. Akataka kujua imekuwaje yeye amenikalia siku tatu nisimtazame hata mara moja, na binti yake, ambaye hakukaa hata dakika, nimemjua mpaka kovu.

Nikatazama vidole vyangu vya miguu.

Sasa nakiri kwako. Mimi na Klara tumekubaliana tangu Krismasi, tukaogopa kusema, maana kijana wa Tinde amekwisha kuja na wazee wake kuulizia. Wewe ndiye uliyenifundisha kuwa mama mkwe hatazamwi usoni, nami nikaanza kutii kabla sijapewa mke! Mama Klara alipoelewa alicheka mpaka akafuta machozi kwa kitenge. Akasema yule wa Tinde alimkodolea macho yeye mama mtu mwanzo mpaka mwisho. Lakini amesema pia wazee wangu wasipofika kabla mwezi huu haujaisha, hataweza kumzuia mumewe. Tafadhali zungumza na Baba. Nampenda Klara, Mama, na nikimkosa sijui nitafanyaje.

Nilijitolea kuisahihisha picha, Mama Klara akakataa. Amesema nikimwoa Klara nitaondoka naye, lakini macho yake yatabaki pale ukutani.

Nisalimie Dada Generoza na watoto, na Padre akiniulizia mwambie bado nasali. Nawasubiri.

Mwanao akupendaye,
Ansgar