Alezuari na mkono wa Amédée

Jumatatu, 9 Juni 2025

Aibu! Bushi, pete ya shaba inayoshika shafti, niliyoitengenezea mashine ya unga ya Mama Gracia, imerudi. Tundu limepanuka, shafti inacheza ndani. Chef Nkongolo kanifokea mbele ya atelye nzima, karakana yote: weye Kabedi, unaharibu kazi ya bantu, ikirudi tena unatoka ku etabli. Mimi! Nililisawazisha tundu lile kwa alezuari, kile chuma chenye meno, taratibu, kwa mafuta. Amédée wa etabli ya pili, meza ya kazi ya jirani, anacheka chini kwa chini.

Jumanne, 10 Juni

Nimeijaribu alezuari ile kwenye kipande kibovu. Labda chuma kilikaa upande — hapana, kimenyooka. Labda vumbi la chuma limejaa kwenye meno — nimesafisha, bado. Tundu kubwa, tena limekwaruzwa.

Nikapitisha ukucha kwenye alezuari. Jino moja limemeguka! Alezuari inazungushwa mbele tu, hata wakati wa kuitoa. Hii imerudishwa nyuma. Nani ana mkono huo? Mtu wa tarodi, anayechonga njia za bulani, bolti zile, ndani ya matundu kutwa — mbele, nyuma kidogo, mbele, nyuma kidogo. Amédée! Malachie wa hapa atelye kanithibitishia, alimwona nayo wiki jana. Mshenzi.

Jumatano, 11 Juni

Nimemkabili. Eti minyi sikugusa kitu, mama, mikono yako njo iko na muzito. Mbele ya chef! Chef kampa yeye kazi ya bushi mpya ya Mama Gracia. Mimi nimepewa fagio.

Sawa. Dawa ya moto ni moto. Ile alezuari mbovu nimeirudisha mahali pake, nimeipaka mafuta, inang'aa. Aichukue. Nzima ninayo, kaka yangu Monga aliniletea kutoka Lubumbashi. Nimeifunga kwenye kitambaa, hakuna anayejua.

Ijumaa, 13 Juni

Naandika chooni. Mama Gracia kaja mwenyewe kutoka mtaa wa Base, kakaa kwenye kigoda, anasubiri. Mashine imelala wiki nzima, wateja wameanza kumkimbia. Na shaba ya bushi ni hiyo hiyo tu, nyingine hakuna.

Amédée kaanza na ile alezuari mbovu. Mbele, nyuma kidogo. Ikalia — kriii! Chef yuko kwenye simu. Moyo wangu ukacheka, nakiri, ukacheka sana.

Halafu Mama Gracia akanigeukia mimi, si Amédée. Kabedi, inalia vile, iko muzuri?

Nikamwambia naenda chooni, nakuja. Kitambaa chenye ile nzima kiko mapajani. Huko bado inalia.