Kiti Nilichokupimia Wewe

Dada Zainabu,

Kiti kimekwisha. Nakuandikia nikiwa nimekikalia, hapa bustanini kwetu Kihesa, upande ule wa ukuta ambako jua linawahi kufika. Rangi bado inanuka.

Baada ya arobaini yako watu wote waliondoka. Wa Mbeya walipanda basi. Wa Kilolo walibaki kidogo wakanisaidia kufua mashuka, kisha na wao wakaenda. Asubuhi nachemsha chai, natia tangawizi nyingi, halafu nakumbuka kwamba mpenda tangawizi ulikuwa wewe. Nainywa hivyo hivyo.

Watu wananishangaa. Juzi mama mmoja sokoni aliniuliza, "Hivi wewe unamlilia mke mwenza?" Nikachukua kikapu changu nikaondoka. Ningemwambia nini? Mzee wetu alipofariki, ndugu walikaa wakisubiri tugombanie masufuria. Wewe ukanikuta chumbani nafunga nguo zangu kwenye khanga. Ukasema, "Unakwenda wapi, Rehema? Nani atapalilia na mimi?" Nikafungua khanga, nikarudisha nguo kabatini. Tukazeeka wawili kwa maneno hayo tu.

Kiti hiki tulikizungumza mno. Mgongo wako ulishakataa kigoda. Ukitaka kuinuka nakuvuta mikono yote miwili, tunacheka mpaka unakaa tena chini. Ulitaka kiti cha mbao, kirefu, chenye pa kuegemea, kikae nje uote jua wakati wa baridi. Fundi Mgaya, seremala wa hapo barabarani, akasema wiki ijayo. Wiki ijayo yake unaijua. Ukatangulia.

Basi nilikwenda mwenyewe. Nikamwambia sitaki anitengenezee, anifundishe. Alinitazama vile wafiwa wanavyotazamwa, akanipa msumeno. Mbao zilikuwa za paini, zinanukia utomvu. Nilipiga randa mpaka viganja vikatoka malengelenge. Msumari wa kwanza ulipinda, gumba likavimba, nikatoa neno ambalo ungeniambia nilitubie. Fundi akageukia pembeni, akajifanya hakusikia.

Aliponiuliza kimo, sikufikiri. Niliweka mkono pale goti lako lilipokuwa likifika. Mgaya akapima, akachora mstari kwenye ubao.

Kiti kikaletwa kwa toroli. Nikakikalia. Dada, miguu yangu haikufika chini. Ilining'inia kama ya mtoto. Nikashuka, nikaingia ndani, na siku zilizofuata nikawa nakitazama dirishani tu. Kilisimama pale kama kinamngoja mtu.

Jumamosi Salum akaja kutoka Rujewa. Mwanao amekonda, kazi ya mashine ya mpunga inamchosha. Alishusha mchele, akaswali, akatoka nje akakikalia. Kikamkaa sawasawa, maana ana miguu yako. Nilisimama mlangoni nikimtazama.

Akaniita. "Mama mdogo, njoo ukae."

Nikakaa. Akaiona miguu yangu inavyoning'inia. Akapapasa mguu wa kiti. Akasema polepole, "Nikate?"

Nilitaka kukataa. Kukikata ni kukubali kwamba huji. Nilitazama mlango wa jikoni, sijui kwa nini. Halafu nikasema, "Kata."

Aliazima msumeno kwa Mgaya. Akakipindua, akakata mguu mmoja baada ya mwingine, mimi nimekishikilia kisitikisike. Vile vipande vilipoanguka kwenye majani, nililia, dada. Nililia kuliko siku tuliyokuzika. Yeye pia. Hatukutazamana.

Baadaye tukapiga msasa, tukapaka rangi, yeye mgongo, mimi miguu. Ulitaka bluu. Ya dukani ilikuwa imekoza kama sare za shule, nikachukua kijani. Usininunie. Tukiwa tunapaka, Salum akaniambia nihamie kwake Rujewa, kuna joto, wajukuu wako wapo. Nikamwambia hapa ndipo kwangu. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kupaka. Jioni akapanda basi, nyumba ikawa kubwa tena.

Sikudanganyi, upweke haujapungua. Kila nikikaa hapa nageuza kichwa nikuambie kitu, kisha nakimeza. Leo sikukimeza. Nilisema kwa sauti, "Upepo huu utatuletea baridi kali." Ng'ambo ya uzio Mama Tumaini, yule jirani yetu Mlutheri, alikuwa anaanua nguo. Akadhani namwambia yeye. Akajibu, "Kweli, mama. Ngoja nianue upesi nije tuongee."

Nauona mlango wake unafunguka. Amebeba kigoda chake.

Basi niishie hapo. Pumzika, dada yangu, Mungu akupanulie hapo ulipo. Ijumaa nitakuja kaburini kukusomea. Baridi ikipungua nitakwenda Rujewa kuwaona wajukuu, nikae nao kidogo, nirudi. Nyumba yetu sitaifunga. Hilo nakuahidi.

Mdogo wako,
Rehema