Marahaba ya Mama Kulwa

Jumanne, Kiseke

Rangi peke yake nimebadilisha mara nne! Wiki nzima imeishia kwenye kijitabu cha kuwakaribisha wateja wapya ninaowafundisha biashara kwa simu. Kurasa sita za ratiba na masharti.

Asubuhi nilikituma kwa mteja mpya, Mama Kulwa, muuza vitenge wa Igoma, mtu wa umri wa mama yangu. Nikasubiri anisifie.

Mchana akajibu neno moja: "Marahaba."

Nikakipekua kijitabu chote kutafuta shikamoo yangu. Haipo. Kinaanza na "Usichelewe kipindi." Yaani mgeni nimempokea mlangoni kwa kumsomea masharti. Nikaogopa atajitoa, na angekuwa na haki...

Nikampigia, aibu imenijaa. "Shikamoo, mama."

Akacheka. "Hiyo nimeshaitikia, mwanangu. Haya, nifundishe."