Fomu Arobaini na Saba

Jumatatu, 3 Machi
Binti yangu amepoteza nafasi ya chuo cha uuguzi. Ijumaa, saa kumi alasiri, orodha ilipobandikwa. Jina halimo. Alama zinatosha na kubaki. Fomu alijaza Novemba, akaikabidhi kwa mwalimu wa ushauri nasaha, maana utaratibu wa shule ndio huo – shule inakusanya, shule inatuma. Tangu Ijumaa anasema tumbo linamuuma. Kinachomuuma si tumbo.

Jumanne, 4 Machi
Tanuri la mikate nimemwachia kaka yangu, nikaenda shuleni na unga kwenye viatu. Huyo mwalimu wanafunzi wanamwita Mwalimu Ndoto, kwa kuwa kila kikao huanza na "ndoto yako ni ipi?" Nikamuuliza fomu ya mwanangu iko wapi. Hakubabaika. Akafungua kabati, akatoa faili la buluu. Mle ndani, kwenye plastiki – fomu yenyewe! Wino wa mwanangu, muhuri wa shule.
"Hii hapa, mama. Haijapotea."
Kilichokwenda chuoni ni nini basi? Fotokopi, akasema. Mwaka jana watathmini wa ushauri nasaha waliinyima shule alama kwa kukosa ushahidi, na kwenye fotokopi muhuri hauonekani vizuri. Kwa hiyo safari hii fomu halisi zimebaki kabatini, zikisubiri watathmini.
Nikapiga simu chuoni nikiwa nimesimama palepale. Msajili amesema fotokopi hawapokei. Walizitenga siku ileile zilipofika.
Mtu alikuwa anajivunia faili lake.

Jumatano, 5 Machi
Kamati ya tathmini ya ushauri nasaha inakaa kesho, nami ni mwakilishi wa wazazi. Walinichagua kwa sababu, eti, mama mikate anajua hesabu. Haya. Niliishia darasa la saba, kisha miaka kumi na tisa ya tanuri, hakuna aliyenishika mkono. Leo nimehesabu.
Waliomaliza ni hamsini. Nimepigia nyumba zote hamsini. Wenye fomu kwenye faili la buluu: 47. Waliopata chuo kati yao, chuo chochote: sifuri.
Watatu hawamo kwenye faili. Ripoti ya tathmini inawaita "wasioshirikiana na programu". Wote watatu wamepata! Bibi wa mmoja wao kacheka kwenye simu. Mjukuu wake, anasema, haamini hata saa ya ukutani, fomu aliipeleka chuoni mwenyewe kwa miguu.
Nimerudia hesabu mara mbili, nikitamani nimekosea.
Msajili nimempigia tena. Chuo chake na vingine vyote vitawapokea waliochelewa, mwisho Ijumaa saa sita mchana – fomu halisi, pamoja na barua ya mkuu wa shule inayosema kosa ni la shule.

Alhamisi, 6 Machi, mchana
Kikao. Watathmini wawili, bwana na bibi, laptopu moja. Alama ya shule: asilimia 94. Fomu arobaini na saba kabatini, kwa wanafunzi hamsini. Makofi. Mwaka ujao shule nyingine zitaletwa hapa kujifunza.
Nikanyoosha mkono. Nikauliza wangapi wameingia chuo. Yule bibi akapekua karatasi zake, akanitazama kwa huruma kabisa.
"Mama, hicho kipengele hakimo kwenye dodoso."
Nikamwambia, "Mimi, dada yangu, sihesabu madonge yaliyoingia tanurini. Nahesabu mikate iliyotoka."
Walicheka, wakadhani nachangamsha kikao. Nikawasomea hesabu yangu. Mwalimu Ndoto akainamia faili lake kama mtu anayesoma msiba. Mkuu akaahirisha kwa chai.

Alhamisi, jioni
Mkuu kanifuata hadi kibandani, suruali imepigwa pasi, akasimama kando ya magunia. Ripoti haipiti bila saini yangu. Akaeleza taratibu, kama muuguzi na mgonjwa: barua ya watoto 47 ni kuizika shule. Barua ya mtoto mmoja anaweza kuiandika sasa hivi, iwe siri yetu. Nisaini, mwanangu aende.
Kaka yangu, aliyekuwa akifuta trei, akauliza wale 46 wengine walikosea wapi – kumwamini mwalimu? Mkuu akanigeukia mimi. Alisema nifikirie kama mzazi.
Nimefikiria kama mzazi. Ndiyo tabu yenyewe. Ningekuwa nimefikiria kama mwanakamati, ningeshamfukuza.
Mwanangu amesikia yote akiwa nyuma ya pazia. Amesema deski lake walikaa wawili, na mwenzake naye yumo kwenye faili. Kisha akasema anautaka uuguzi kuliko kitu chochote. Yote mawili kwa pumzi moja. Namlaumu vipi?
Ujumbe nimeutuma sasa hivi, naunakili hapa nisije nikaambiwa sikusema: "Mkuu, barua ya watoto wote 47, utaandika au huandiki? Sitaki maelezo. Ndiyo au hapana, kesho kabla ya saa mbili asubuhi."
Ameusoma.
Binti kavuta kigoda, kakaa mbele yangu. Naye anataka jibu lake kabla ya saa mbili hiyohiyo:
"Akisema hapana, mama, utasaini au husaini?"